Kazi ipi ianze? Ulinganisho wa kanuni za kupanga foleni ya karakana

Tuchukue karakana ya kuchomelea ya mtaa wa Unga Limited, Arusha. Ina mashine moja ya kutegemewa na fundi mmoja anayeishika. Jumatatu saa 2 asubuhi daftari lina oda tano, zimeandikwa kama zilivyoingia: geti la nyumba (saa 12 za mashine), madawati 12 ya shule (saa 18, yaani saa moja na nusu kila fremu), toroli la sokoni (saa 8), grili za madirisha (saa 6), na stendi ya tenki la maji (saa 4). Jumla ni saa 48. Kwa siku ya kazi ya saa nane, bila kuhesabu saa moja ya chakula cha mchana, hiyo ni wiki nzima, Jumatatu hadi Jumamosi jioni.

Upange utakavyopanga, saa hizo 48 hazipungui kwa mashine moja. Kinachobadilika ni nani anasubiri, anasubiri kiasi gani, na nani anaukuta mzigo wake tayari siku aliyoambiwa. Ndiyo maana ni muhimu kujua kila kanuni inampendelea nani kabla ya kuibandika ukutani.

Kila oda imepewa saa yake ya mwisho, ikihesabiwa tangu Jumatatu asubuhi: stendi saa ya 10 (Jumanne saa 4 asubuhi), toroli saa ya 20 (Jumatano saa 6 mchana), madawati saa ya 24 (Jumatano jioni), geti saa ya 30 (Alhamisi saa 9 alasiri), grili saa ya 40 (Ijumaa jioni). Zingatia kwamba hii ni saa ya kutoka kwenye mashine, si siku mteja anayokuja na gari. Unaipata kwa kurudi nyuma: toa siku ya kusafirisha na kufunga, toa rangi ya mwisho, toa muda wa praima (rangi ya awali) kukauka, toa kusaga na grenda. Karakana inayoandika siku ya mteja kama siku ya kumaliza kuchomelea huishia kupaka rangi juu ya praima mbichi, na geti linabanduka kabla ya mvua za masika kwisha.

Matokeo ya kanuni sita kwa oda hizohizo tano ni haya. Kusubiri kumehesabiwa kuanzia Jumatatu asubuhi mpaka kazi inapotoka kwenye mashine.

| Kanuni | Mpangilio | Wastani wa kusubiri | Kazi zilizochelewa | Jumla ya saa za kuchelewa | Iliyochelewa zaidi |
|---|---|---|---|---|---|
| Aliyetangulia kwanza | geti, madawati, toroli, grili, stendi | saa 34.4 | 4 | 66 | saa 38 |
| Kazi fupi kwanza | stendi, grili, toroli, geti, madawati | saa 22 | 1 | 24 | saa 24 |
| Tarehe ya karibu kwanza | stendi, toroli, madawati, geti, grili | saa 27.2 | 3 | 26 | saa 12 |
| Kanuni ya Moore | stendi, toroli, geti, grili, madawati | saa 23.6 | 1 | 24 | saa 24 |
| Uwiano wa dharura | madawati, stendi, toroli, geti, grili | saa 32 | 4 | 42 | saa 12 |
| Pesa kwa saa | geti, grili, madawati, stendi, toroli | saa 30.8 | 3 | 70 | saa 30 |

Aliyetangulia kwanza

Hii ndiyo inayotumika sehemu nyingi kwa sababu haina mgogoro. Mteja anaelewa, fundi anaelewa, na hakuna anayesema amerukwa. Kwa kazi zinazolingana ukubwa ni nzuri kabisa: mashine ya kusaga mahindi, kuziba pancha, kunoa visu. Gunia na gunia havipishani sana, kwa hiyo foleni ya kawaida inatenda haki na haipotezi kitu.

Shida inaanza kazi zinapopishana sana, kama hapa ambapo ndogo ni saa 4 na kubwa ni saa 18. Stendi ya saa nne inakaa nyuma ya kazi za saa 44 na kuchelewa saa 38, karibu siku tano za kazi. Katika jedwali lote hakuna mteja mmoja aliyecheleweshwa kuliko huyo, na kosa lake ni kuingia mlangoni mwisho.

Ipo pia kanuni ambayo haiandikwi popote: anayepiga simu zaidi kwanza. Haimo kwenye jedwali kwa sababu matokeo yake hayahesabiki, lakini hasara yake inaonekana sakafuni. Kila mara fundi anapoacha madawati ili ashike geti la mtu aliyepiga simu, anafungua jigi (kishikio cha kupangia vipande), anabadilisha diski ya grenda na aina ya vijiti vya kuchomelea, anatafuta vipande vyake vilivyokwisha kukatwa, halafu anapima upya. Ikiwa badiliko moja linakula dakika 30 na siku ina mabadiliko manne, saa mbili kati ya nane zimekwenda bila cheche hata moja kuruka.

Kazi fupi kwanza

Mwaka 1956 W. E. Smith alithibitisha kwa hesabu kwamba kwa mashine moja hakuna mpangilio unaoshusha wastani wa kusubiri kuliko huu. Sababu yake unaiona ukisimama kwenye foleni: kazi ya saa 18 ikitangulia, watu wanne nyuma yake wanabeba saa 18 kila mmoja; ya saa 4 ikitangulia, wanabeba saa 4 tu. Sakafu inapungua mizigo haraka, na pesa za salio zinaanza kuingia mapema.

Kanuni hii haidai makadirio kamili. Fundi akishindwa kusema saa 6 au 7, inatosha aseme ndogo, ya kati au kubwa, na mpangilio utakaribiana na ule wa hesabu. Kwa karakana isiyoandika muda wa kazi zake, hiyo ni faida kubwa.

Ubaya wake ni kazi kubwa. Katika mfano wetu madawati yanachelewa saa 24, siku tatu. Na hapo hakuna oda mpya iliyoingia katikati ya wiki. Katika hali halisi Jumanne ataingia mtu na bawaba ya saa moja, Jumatano mwingine na meza ya chipsi ya saa tatu, na wote watayaruka madawati. Kazi kubwa inaweza kukaa mwezi mzima ikirukwa na vidogo visivyokwisha. Ukiitumia kanuni hii, iwekee ukomo unaoonekana, kwa mfano: kazi ikifikisha siku sita za kazi bila kuguswa, inapanda mwanzo wa foleni na hairukwi tena. Njia nyingine inayofanya kazi vizuri ni kuvitengea vidogo saa yao, kuanzia saa 2 hadi saa 3 na nusu asubuhi kila siku, kisha mashine inarudi kwa kazi kubwa mpaka jioni.

Tarehe ya karibu kwanza

Panga kwa saa ya mwisho, iliyo karibu itangulie. J. R. Jackson alionyesha mwaka 1955 kwamba kwa mashine moja, kazi zote zikiwa tayari kuanza, mpangilio huu ndio unaofanya ucheleweshaji mkubwa kabisa uwe mdogo iwezekanavyo. Kwenye jedwali iliyochelewa zaidi imepitiliza saa 12, nusu ya ile ya kazi fupi kwanza.

Lakini angalia safu ya kazi zilizochelewa: ni tatu. Kanuni hii ikikuta mzigo umezidi uwezo, inawagawia watu uchelevu, kila mmoja kidogo. Madawati saa 6, geti saa 12, grili saa 8. Kama wateja wako ni watu wa nyumba za kawaida, Njiro au Sakina, ambao siku moja mbele haiwaharibii jambo, huu ni mgawanyo wa kiungwana. Kama ni hoteli inayofungua msimu au shule inayofungua Jumatatu, kuchelewa saa 6 na kuchelewa siku tatu kunaweza kuwa na uzito uleule, na hapo umewaudhi watatu badala ya mmoja.

Kanuni hii inategemea tarehe za kweli. Karakana inayomwambia kila mtu "Ijumaa" inakuwa na tarehe moja kwa oda zote, na kanuni haina cha kupanga. Mwezi wa Desemba hili linaonekana sana Moshi: watu wanapanda nyumbani kwa Krismasi na kila geti linatakiwa kabla ya tarehe 20. Hapo tarehe haikusaidii kuchagua. Tumia urefu wa kazi, na uanze kukataa oda mapema.

Kuna hesabu fupi ya kukusaidia kutoa tarehe ya kweli, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya oda zilizo ndani, gawanya kwa idadi ya oda unazomaliza kwa wiki, unapata wastani wa wiki ambazo oda inakaa kwako. Una oda 15 sakafuni na unamaliza tano kwa wiki? Ni wiki tatu. Ukimwambia mteja wiki mbili, umeshachelewa kabla hujanunua chuma.

Kanuni ya Moore

J. Michael Moore aliitoa mwaka 1968 kwa ajili ya swali moja tu: nifanyeje wachelewe watu wachache iwezekanavyo? Hatua zake zinafanyika kwa chaki.

Panga kwa tarehe ya karibu, kisha jumlisha saa moja baada ya nyingine. Stendi 4, sawa. Toroli 12, sawa. Madawati 30, lakini mwisho wake ni 24, yamechelewa. Simama hapo. Kati ya kazi zote ulizokwisha kupanga, pamoja na hiyo yenyewe, toa iliyo ndefu kuliko zote. Ni madawati, saa 18. Yaweke pembeni, uendelee: stendi 4, toroli 12, geti 24, grili 30. Zote zimewahi. Madawati yanarudi mwishoni na kutoka saa ya 48.

Kuchelewa ni kulekule kwa kazi fupi kwanza, lakini usidhani ndivyo itakavyokuwa kila wiki; kazi fupi haitazami tarehe, hapa imeangukia pazuri tu. Cha thamani katika Moore ni kwamba Jumatatu saa 3 asubuhi tayari unalijua jina la mteja atakayechelewa. Huyo unampigia siku hiyohiyo, kabla hajakodi gari: "Shikamoo mwalimu. Madawati sita tutamaliza kuyachomelea Jumatano, sita yaliyobaki Jumamosi. Tulete kwa awamu mbili?"

Akikubali, jedwali lote linabadilika. Madawati yanakuwa kazi mbili za saa 9. Panga stendi (4), toroli (12), madawati sita ya kwanza (21), geti (33), grili (39), madawati ya pili (48). Linalopitiliza ni geti, kwa saa 3. Fundi akiongeza saa moja na nusu Jumatatu jioni na moja na nusu Jumanne, geti linatoka Alhamisi saa 9 alasiri kamili. Simu moja na jioni mbili zimefanya kile ambacho hakuna kanuni hata moja ya jedwalini iliyoweza.

Uwiano wa dharura

Chukua saa zilizobaki hadi mwisho, gawanya kwa saa za kazi iliyobaki. Chini ya 1 maana yake huwezi kuwahi tena. Juu ya 1 kuna nafasi. Kazi yenye uwiano mdogo inatangulia, na hesabu inarudiwa kila mashine inapokuwa wazi. Jumatatu asubuhi madawati yana 24 kwa 18, yaani 1.33, stendi, toroli na geti yote yana 2.5, grili 6.67. Madawati yanaanza.

Inavutia kwa sababu inatazama tarehe na urefu kwa pamoja, lakini kwa mashine moja iliyozidiwa inaadhibu vidogo: stendi inachelewa saa 12 ili madawati yawahi, kisha kila kitu nyuma kinaburuzwa. Tena inataka makadirio mazuri. Ukisema saa 12 kumbe ni 18, uwiano wote ni wa uongo. Inafaa zaidi kwa kazi zinazopita vituo vingi na kukaa wiki kadhaa, kama seti ya samani za lodji, ambako unataka kujua kila asubuhi ipi inaanza kubaki nyuma. Itumie kama kipimo cha hatari zaidi kuliko kama amri ya foleni.

Pesa kwa saa

Salio la mteja gawanya kwa saa za kazi, kubwa itangulie. Tuseme geti lina salio la shilingi 600,000 (50,000 kwa saa), grili 270,000 (45,000), madawati 720,000 (40,000), stendi 140,000 (35,000), toroli 240,000 (30,000). Wateja wakilipa mzigo unapotoka, hadi Jumatano jioni kanuni hii imeleta 870,000; kazi fupi kwanza 650,000; tarehe ya karibu 380,000. Itumie wiki ambayo huna pesa ya kununua chuma cha oda inayofuata, basi. Ukiifanya desturi, wenye oda ndogo watahamia karakana ya jirani, na jedwali linaonyesha kwa nini: jumla ya saa 70 za kuchelewa ndiyo kubwa kuliko zote.

Kazi inapopita vituo viwili

Mpaka hapa tumehesabu mashine ya kuchomelea peke yake. Ukiongeza fundi rangi, mambo yanabadilika. Tuseme rangi inataka: geti saa 10, grili 7, madawati 6, stendi 5, toroli 3. Kanuni ya S. M. Johnson ya mwaka 1954 inapunguza muda wa kumaliza kila kitu, mradi kazi zote zipite vituo hivyohivyo viwili kwa mfuatano uleule.

Tafuta namba ndogo kuliko zote katika safu zote mbili, ya saa za kuchomelea na ya saa za rangi. Ikiwa ni ya kituo cha kwanza, kazi hiyo iweke mbele. Ikiwa ni ya kituo cha pili, iweke nyuma. Ifute, rudia. Hapa 3 ni ya toroli kwenye rangi, toroli liende mwisho. 4 ni ya stendi kwenye kuchomelea, iende mwanzo. 6 ziko mbili: grili kwenye kuchomelea, ifuate stendi, madawati kwenye rangi, yakae kabla ya toroli. Geti linabaki katikati. Stendi, grili, geti, madawati, toroli: rangi inamalizika saa ya 51. Kwa aliyetangulia kwanza ni saa ya 56, kwa tarehe ya karibu saa ya 59. Sababu ni kwamba fundi rangi anapata kazi mapema, na mwishoni anabakiwa na kipande kidogo.

Ila toroli, lililotakiwa Jumatano mchana, limekwenda mwisho wa wiki. Johnson hatazami tarehe kabisa. Mtumie kwa oda moja kubwa ya mteja mmoja, mfano samani za hoteli nzima, ambako tarehe ni moja kwa vipande vyote. Na usihesabu kukauka kwa praima kama saa za fundi rangi. Praima inakauka yenyewe huku yeye akishika kitu kingine. Iandike kama pengo, na Juni na Julai, Arusha na Moshi zinapokuwa na baridi na mawingu, lirefushe pengo hilo.

Kwenye karakana za seremala, kule Moshi kwenye grevilea na sipresi, mara nyingi kinachokula muda ni kurekebisha mashine. Thiknesa (mashine ya kuranda mbao ziwe na unene mmoja) ikishawekwa inchi moja, pitisha mbao za inchi moja za oda zote za siku mbili zijazo kabla hujagusa gurudumu lake. Kwenye bunduki ya kupulizia rangi anza na nyeupe, krimu, kahawia, malizia nyeusi. Ukirudi kutoka nyeusi kwenda nyeupe unamwaga thina nyingi, na bado kingo za mlango zinatoka na madoa ya kijivu. Kukusanya kazi zinazofanana ni kanuni halali, ila iwekee mpaka: usivute mbele oda ya wiki ijayo kwa sababu tu rangi yake inafanana.

Uchague ipi

Kwa karakana ya oda za watu binafsi, pendekezo letu ni tarehe ya karibu kwanza, kisha hatua ya Moore kila Jumatatu kumtafuta wa kumpigia simu. Kwa matengenezo madogo ya papo kwa papo, kazi fupi kwanza ndani ya saa yake ya asubuhi. Kwa huduma ya kufanana, aliyetangulia. Kwa oda moja kubwa yenye vituo viwili, Johnson.

Panga kwenye kituo kinachobana tu. Kama kuchomelea ndiko kunakojaza foleni, usihangaike kupanga grenda na kukata. Vikate kwa mfuatano wa kuchomelea, vitangulie nusu siku, visizidi. Kukata oda zote tano Jumatatu kunajaza sakafu skwea paipu zisizo na jina, na Alhamisi kipande cha grili kinaonekana kimechomelewa kwenye stendi.

Chombo chenyewe ni ubao wenye misumari na kadi. Kila kadi iwe na mambo manne: jina la kazi, saa za mashine, saa ya kutoka kwenye mashine, na alama ya vifaa. Kadi isiyo na alama ya vifaa haitundikwi kwenye foleni hata kama tarehe yake ni kesho. Geti lisilo na bawaba na komeo, au ambalo flatibaa yake bado iko dukani, likianzishwa litasimama katikati na kuchukua meza nzima. Kadi tatu za mwanzo hazisogezwi siku hiyo isipokuwa na mtu mmoja aliyeteuliwa, na si yule anayepokea simu.

Umeme ukikatika, usibadilishe mpangilio, badilisha kinachofanyika. Pima na kata kwa msumeno wa mkono vipande vya kadi inayofuata, piga msasa, paka praima kwa brashi. Andika saa zilizopotea nyuma ya kadi iliyokuwa mashineni, kisha ukiwashiwa rudia kujumlisha kuanzia hapo. Zikipotea saa nne, kila kadi iliyobaki inasogea saa nne, na inayovuka saa yake ya mwisho ndiyo unayoipigia simu kabla mashine haijaanza tena.